Kidonda, Wezi Watano na Kwaresima Yangu

Naandika haya nikiwa na vidole vyote vya miguu, jambo ambalo kuna wakati halikuwa na uhakika. Ninayemwandikia ni mtu mwenye ugonjwa wa sukari na kidonda kisichotaka kupona, ambaye kila akikaa kwenye benchi la hospitali anadhani ni yeye peke yake duniani anayeota soda usiku. Sitamweleza kongosho linafanya kazi gani. Daktari atamweleza, na asipoelewa hatakuwa amepoteza kitu, maana mimi nilielewa vizuri sana na haikunisaidia.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Sisi watu wa Ngara bado tunahesabu hivyo: mtoto wa kabla ya wakimbizi, nyumba iliyojengwa baada ya wakimbizi, ng'ombe aliyepotea wakati wa wakimbizi. Watu walivuka daraja la Rusumo kwa wingi kiasi kwamba barabara haikuonekana, na baada ya majuma machache vilima tulivyochungia utotoni vilifunikwa kwa maturubai ya bluu.

Mimi nilikuwa na shahada ya saikolojia, kitu ambacho hadi wakati huo hakuna aliyekuwa amekihitaji wilayani. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani wa Ntobeye kwamba nilisomea "mambo ya kichwa", nao wakawa wananiletea watoto wanaoumwa kichwa. Kambi zilipofunguliwa, shirika moja la misaada likaniajiri kufundisha washauri: vijana na akina mama wa kambini waliotakiwa kuketi na waliopoteza ndugu, wakawasikiliza. Asubuhi nilifundisha namna mtu anavyoweza kuitawala nafsi yake katika shida. Jioni nilisimama kwenye kioski karibu na stendi ya Ngara mjini na kunywa soda za chungwa, moja baada ya nyingine, nikiwa nimeipa barabara mgongo ili anayepita asijue ni ya ngapi.

Niliisingizia vumbi. Kiangazi kile malori ya mahindi hayakukoma kupita, kila mtu alikuwa na kiu, kwa hiyo kiu yangu haikuonekana. Suruali ilianza kunilegea na wenzangu wakanisifu. Macho yaliingia ukungu, nikanunua miwani. Aliyeona ukweli ni mke wangu, Perpetua. Siku moja alirudi kutoka chooni akasimama mlangoni na kopo la maji mkononi.

"Baba Deo, kuna sisimizi chooni."

"Wamwagie majivu."

"Wanafuata mkojo wako. Wangu hawaufuati."

Kesho yake alinipeleka hospitali kama anavyompeleka mbuzi mnadani, yeye nyuma, mimi mbele. Nilirudi na chupa ya dawa ya sindano, bomba la kuchemsha na amri ya kutogusa chochote kitamu. Perpetua aliichimbia ile chupa shimo kwenye kona ya chumba, akaiweka ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa maji, kwa sababu jokofu hatukuwa nalo. Alilala upande wa chungu. Sikujua kama anailinda dawa au ananichunga mimi.

Kidonda kilikuja na mvua za vuli. Kambini kulikuwa na tope linalofika kwenye kisigino, nami nikavaa viatu vipya vya mpira vilivyonibana. Mguu haukuniambia kitu. Hilo ndilo la kutisha katika ugonjwa huu: mguu unaumia na wewe mwenyewe huna habari. Nilipovua soksi nikakuta damu, na chini ya kidole gumba shimo la ukubwa wa punje ya hindi. Kufikia Krismasi lilikuwa la ukubwa wa kizibo cha soda, mfano ambao daktari aliutumia bila kujua ananigusa wapi.

"Nitakipa nafasi hadi masika yaishe," alisema, akiwa bado ameushika mguu wangu. "Kikiwa bado hivi, nakuandikia kwenda Mwanza. Kule hawakati kidole peke yake. Wanapanda mpaka wakute nyama nzima."

Perpetua aliuliza, "Wanapanda hadi wapi?"

"Inategemea sukari yake. Inategemea anakula nini."

Wote wawili wakanitazama.

Kliniki ya sukari ilikuwa Alhamisi. Siku hizo hospitali ilikuwa imejaa hadi kwenye nyasi; waliolala ndani walikuwa wawili kitandani na mmoja chini. Sisi wa sukari tulipewa benchi la nje, ukutani, ambako jua la saa nne liliingia kwenye magoti na la saa sita likafika kifuani. Ukiwa umewahi sana, unatoka saa saba. Hapo ndipo nilipomkuta mzee mmoja mwenye kilemba cha rangi ya vumbi na ndevu zilizofungwa vizuri, mguu wake ameulaza juu ya kiti cha wauguzi bila kuomba ruhusa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe umekatwa vingapi?"

"Bado hata kimoja."

"Mimi viwili. Kaa hapa, nina uzoefu."

Jina lake Gurdip. Watu walimwita Mzee Singa, kama wanavyowaita Singasinga wote, na yeye aliitika. Alizaliwa Mwanza, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba akina mama waliokuja kutoka Nyamigogo, kule Biharamulo, walimgombania aketi kwao. Alikuwa na gereji kubwa barabara ya Rusumo, ambako malori ya chakula cha wakimbizi yalifika yakiwa yanakohoa. Alikuwa na fedha, na masharubu aliyoyapenda waziwazi, na hasira zilizojulikana hadi Lusahunga. Siku moja alimrushia fundi wake spana, ikampita, ikavunja kioo cha lori lililokuwa limetoka kutengenezwa.

"Kwetu tunasema ndani ya mtu kuna wezi watano," aliniambia Alhamisi ya pili au ya tatu, muuguzi akiwa ametuchoma vidole na kuingia ndani na damu zetu. Akawahesabu kwenye vidole vyenye grisi ya miaka. "Tamaa ya mwili. Hasira. Uroho. Kung'ang'ania vitu na watu. Na majivuno. Hawavunji mlango, Mwalimu. Unawafungulia mwenyewe, unawapa na kiti. Mimi rafiki yangu ni hasira. Wako yupi?"

"Soda ya chungwa."

Hakucheka. "Huyo ni wa tatu," alisema.

Nilifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye mambo ya nafsi bila kuletewa mtoto wa kuumwa kichwa. Nikamweleza yale tuliyofundishwa chuo kikuu: kwamba hamu haiji hovyo, inafuata saa yake na mahali pake, kwamba ukimkataza mtu kufikiria kitu, hicho ndicho atakachokifikiria, na kwamba hamu ikija ina tabia ya kupanda, kufika mwisho, kisha kushuka yenyewe, mradi hujailisha. Nilieleza kwa kirefu. Alisikiliza amefumba macho, kwa utulivu ambao niliudhania heshima mpaka kilemba kilipoangukia bega langu.

Lakini alikuwa amesikia sehemu. Alipoamka alisema, "Kwa hiyo ni kama lori lenye mzigo linapanda kutoka mtoni Rusumo. Unalisikia linanguruma, unadhani litakuja kukukanyaga. Halafu linafika juu, sauti inabadilika, linaondoka."

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Sasa wewe unakaa wapi lori likipanda?"

Nilisema saikolojia inakuambia ukae pembeni, ulitazame.

"Unatazama tu? Peke yako?" Alionekana kunihurumia. "Sisi wakati huo tunalitaja Jina la Mungu. Polepole, na pumzi. Nyie mnamtambua mwizi, vizuri. Sisi tunamwita Mwenye nyumba."

Nilimuuliza kama inafanya kazi. Aliutazama mguu wake. "Kwa mke wangu inafanya," alisema.

Jumapili iliyotangulia Jumatano ya Majivu alinialika kwake. Nyuma ya gereji kulikuwa na chumba safi kilichotandikwa shuka nyeupe, na Kitabu chao kitakatifu kimefunikwa kwa kitambaa juu ya jukwaa dogo. Ilibidi kuvua viatu na kufunika kichwa. Kichwa hakikuwa na tatizo. Kuvua viatu kuliniaibisha, maana kidonda changu siku hizo kilikuwa na harufu iliyokuwa inaingia chumbani kabla yangu. Mke wa Gurdip, mama mfupi mwenye miwani, alileta beseni la maji na kitambaa kipya, akaufunga mguu wangu mwenyewe, akaniambia nikae mbele. Hakuziba pua. Nimesahau mengi ya mwaka ule, hilo sijalisahau.

Baada ya sala tulikula. Mafundi, madereva Wasomali, wanawake wawili wa Kinyarwanda waliokuwa wakifua nguo pale, Gurdip mwenyewe, wote chini kwenye mkeka mmoja, dengu na chapati zilezile. Kabla ya hapo kila mmoja alipokea mkononi donge la kitu cha moto, cha unga, samli na sukari. Nilishtuka, nikamtazama Gurdip.

"Hiki hakikataliwi," alisema. "Lakini wewe chukua kama punje."

Nilichukua punje. Kisha nikaona mkono wangu umenyooka tena, kiganja juu, kama wa mtoto wa komunyo ya kwanza aliyerudi mstarini. Mke wa Gurdip aliupita mkono ule kwa adabu.

Nilirudi nyumbani nimeguswa kwelikweli, na hapo ndipo nilipokosea, kosa ambalo nadhani lilihitaji Mkatoliki wa Ngara kulifanya. Mimi nimelelewa na Kwaresima. Baba yangu alikuwa katekista. Kwetu neno "tamaa" halikutamkwa bila neno "funga" kulifuata. Nilipounganisha wezi watano wa Gurdip na majivu niliyopakwa kwenye paji la uso Jumatano, nikapata jibu lililoonekana zuri mno: mwizi ananyimwa chakula. Nikaamua kufunga kutwa nzima, kila siku, hadi Pasaka. Sindano ya asubuhi nilichoma kama kawaida, kwa kuwa hiyo ni dawa, na mimi si mjinga.

Wenzangu wa sukari, someni tena sentensi hiyo ya mwisho, halafu msifanye hivyo.

Siku za kwanza nilijisikia mtakatifu. Nilipita kwenye kioski bila kugeuka, na mwenye kioski akadhani nimehama. Mikono ilitetemeka kidogo saa za mchana, nikaona ndio mwizi anaaga. Alhamisi muuguzi, Sista Bernadeta, alitazama kipimo akasema, "Imeshuka vizuri. Sijui unafanya nini, endelea." Nilitembea hadi nyumbani nikichechemea kama askari aliyetoka vitani na nishani. Kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba nimesoma saikolojia, nimekutana na dini ya mbali, nimeviunganisha, na dunia ingefaa kujua. Nilianza kutunga makala kichwani.

Perpetua hakuvutiwa.

"Baba Deo, hukula."

"Ninajitawala."

"Hiyo ni nini?"

"Ni vigumu kueleza."

"Basi jitawale ukiwa umekula."

Nilianza kula kidogo mbele yake jioni na kumdanganya kwamba mchana nilikula kambini. Kule kambini nilisema nimekula nyumbani. Kisha tukaenda Ntobeye kumsalimu mama. Alikuwa ameniwekea mubisi, maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa asubuhi ile, yasiyochacha bado, ndani ya kibuyu chenye mrija wa tete. Kama desturi, alinyonya yeye kwanza, akafuta mrija kwa kiganja, akanielekezea. Kwetu mama akifanya hivyo, anakuambia kwamba chakula chake hakina ubaya na moyo wake pia.

Nilisema, "Mama, mimi sinywi tena."

Angeelewa kama ningesema naumwa. Lakini nilisema kwa sauti niliyokuwa nimeipata wiki zile, ya mtu aliyekwisha panda juu ya mambo ya kunyonya mirija. Mama alikifunika kibuyu kwa jani la mgomba, akakirudisha ndani, akatoka na kuanza kumuuliza Perpetua habari za maharage. Mimi hakuniuliza chochote hadi tulipoondoka. Njiani Perpetua alitembea mbele yangu, jambo asilolifanya.

Jumapili iliyofuata nilienda kwa Gurdip. Nilikuwa nimechoma sindano, sijala, na nimetembea sehemu ya njia ili kujipima. Ukweli ni kwamba nilienda ili anisifu. Nakumbuka nikiketi kwenye mkeka na kuanza kumweleza. Nakumbuka jasho, shati limenigandama mgongoni wakati chumba kilikuwa na ubaridi. Dereva mmoja alinipisha nafasi nami nikamkasirikia kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Baada ya hapo nakumbuka dari.

Nilizinduka na utamu mdomoni. Mke wa Gurdip alikuwa ameniinua kichwa, ananipaka lile donge la unga na sukari ndani ya shavu kwa kidole, huku Gurdip akikoroga sukari kwenye kikombe kwa nguvu, chai ikimwagikia suruali yake.

"Kunywa," alisema. "Kunywa yote, sukari imekuishia. Umekula nini leo?"

"Sijala. Nafunga."

"Unafunga nini?"

"Wale wezi. Ulisema—"

"Nilisema nini?"

Hapo nilimwona mwizi wake wa pili akiingia bila kubisha hodi. Alisimama, kikombe mkononi, nikadhani atanirushia. Mke wake alisema neno moja kwa lugha yao. Gurdip alifumba macho, midomo ikawa inacheza taratibu bila sauti, akapumua, akapumua tena. Mafundi wake walitazamana. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kuliona lori lile likishuka bila kugonga mtu. Kisha akaketi chini.

"Mwalimu. Kwetu hakuna kufunga namna hiyo. Sisi hatusifu mtu kwa kukaa na njaa. Mwili ni nyumba, Mungu amekaa ndani. Uliingia hapa nikakupa chapati, au sikukupa?"

"Ulinipa."

"Sasa nani alikuambia ufukuze wezi kwa kuichoma nyumba?"

Nilitaka kumjibu kisomi. Nilikuwa na unga kwenye kidevu.

Walimtuma dereva akamlete Perpetua. Alifika na nguo za shamba, akanitazama kwanza mimi, kisha kikombe, kisha mke wa Gurdip, akaketi kando yake kana kwamba wamejuana miaka.

"Huyu alikuwa anaficha soda," alimwambia. "Sasa anaficha njaa. Mimi naona ni jambo moja."

"Huyu wangu anaficha jalebi, vile vitamu vya shira, kwenye sanduku la vifaa," mke wa Gurdip akajibu.

"Hilo tuliongee nyumbani," alisema Gurdip.

"Tuko nyumbani."

Wanawake wakacheka, nasi tukatazama mkeka.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Nilikuwa nimemfukuza mwizi wa tatu kwa kumkabidhi wa tano bunduki. Uroho ulinipeleka kioski nikiwa nimejificha. Majivuno yalinipeleka kwenye njaa nikiwa nimejificha vilevile, tofauti tu ni kwamba sasa nilijiona bora kuliko mama yangu. Saikolojia ilikuwa imenifundisha kwamba hamu inayobanwa kwa nguvu inageuka umbo na kutokea mlango mwingine. Gurdip aliniambia wezi wale ni ndugu, ukimbana mmoja mwingine anamfungulia dirisha. Nilikuwa nimelisikia jambo moja kwa lugha mbili na sikuwa nimelisikia.

Kisha masika yakaanza, na kazi ya kweli ikaanza nayo, isiyo na utukufu wowote. Nilikula kwa saa, kidogo, mezani, Perpetua akiwapo. Nilibadili njia ya kutoka kazini ili nisipite kwenye kile kioski. Makala niliyokuwa naitunga kichwani ingelidharau jambo dogo hivyo, lakini lilinisaidia kuliko makala. Na tulikubaliana kwamba hamu ikija nitaitaja kwa sauti. Si kuomba ruhusa, kuitaja tu. Mwanzoni nilijisikia kama mtoto anayefundishwa kusema anataka choo.

"Nataka soda," nilisema nikiwa kitandani.

"Nimesikia," alisema Perpetua kutoka upande wa chungu.

Nayo ilipanda, ikanguruma, na wakati ikinguruma nilijaribu kulitaja Jina kama Gurdip alivyonielekeza, lakini ulimi wangu ulikuwa mzito kwa neno lisilo la kwetu. Nikarudi kwenye Salamu Maria ya baba yangu, polepole, na pumzi. Gurdip nilipomwambia hakuona tatizo. Alisema Mwenye nyumba ana majina mengi, cha muhimu ni kuita.

Sitasema kila mara nilishinda. Kuna siku ya mvua kubwa nilijikinga kwenye kioski kingine, na huko nikafanya kilichofanyika. Nilimwambia Perpetua jioni ile ile. Akauliza kama soda ilikuwa baridi. Nilisema hapana, ilikuwa ya moto. "Afadhali," alisema, akapakua maharage.

Kwa mama nilienda peke yangu. Nilimwonyesha mguu. Sikuwahi kumwonyesha, nilikuwa nikimwambia ni mchubuko. Alipiga magoti akautazama kwa muda mrefu, akiwa ameushika kama alivyoushika nilipokuwa mchanga, nadhani. "Ungesema," aliniambia kwa Kihangaza. "Mimi nilidhani umekuwa mkubwa." Akaleta kibuyu, akanyonya, akafuta mrija. Nililowesha ulimi, kama punje, nikamrudishia, naye akanywa yaliyobaki. Toka siku ile ndivyo tunavyofanya.

Gurdip hakuwa na bahati. Katikati ya masika mguu wake uligeuka rangi, wakampeleka Mwanza, wakamkata chini ya goti. Alirudi amekonda, kilemba kimefungwa vizuri zaidi kuliko zamani. Nilimkuta gerejini ameketi kwenye kiti cha lori kilichong'olewa, magongo pembeni, akimwelekeza fundi kwa sauti ya kawaida.

"Hasira imepungua, mzee?"

"Imepungua na mguu mzima." Alilitazama goti. "Mwalimu, nilikasirika miaka mingi na nikala jalebi miaka mingi. Siku walipokata nilijua nikiamka nitakuwa na hasira ya kuua mtu. Nikaamka, nikaisubiri. Ikaja, ikapanda. Mke wangu alikuwa hapo, tukaita wote wawili. Ikaondoka." Kisha akaongeza, "Kesho yake ilirudi. Usiandike kwamba haikurudi."

Nimeandika.

Alhamisi ya mwisho ya masika Perpetua alikuja nami, amevaa kitenge cha kanisani. Benchi lilikuwa limepungua. Nafasi ya Gurdip hakuna aliyeikalia. Nje ya uzio malori yalikuwa yakipita na mahindi ya kambi, na matope yalikuwa yameanza kuganda na kuwa vumbi. Tulingoja jua likafika magotini, likafika kifuani. Sista Bernadeta alinichoma kidole, akarudi, hakusema kipimo ni ngapi. Alisema tu, "Daktari anakuita."

Daktari aliifungua bandeji. Alibonyeza pembeni, akabonyeza katikati. Akachukua tochi. Nilitazama ukutani, kwenye picha ya mama anayemnyonyesha mtoto, nikayasoma maandishi yake yote.

"Kimefunga," alisema.

Perpetua aliuliza, "Mwanza?"

"Hakuna Mwanza. Hii ni ngozi. Ni laini, itunze. Kila jioni mkague nyayo, wewe mama ukague, yeye hahisi."

"Nitakagua."

Tulitoka. Getini kulikuwa na wauzaji wa mandazi na ndizi, na mama mmoja aliyekuwa na beseni la maji yenye chupa za soda zimezama shingo juu. Wakati huo, mguu ukiwa umesalimika, nikiwa sina huzuni wala hofu yoyote ya kusingizia, hamu ilinijia kubwa kuliko zote za mwaka ule. Nilisimama katikati ya njia.

"Nataka soda," nilisema.

Perpetua aliliangalia beseni. "Ya chungwa?"

"Ya chungwa."

"Kaa hapa."

Tuliketi kwenye ukuta mfupi nje ya geti, bega kwa bega. Alitoa kiazi kitamu kilichochemshwa kwenye mfuko wake, akakivunja, akanipa nusu ndogo, maana saa ya kula ilikuwa imefika. Nilitafuna. Nilisema Salamu Maria moja, nikaisema tena. Mama wa soda alituuliza kama tunahitaji kitu, Perpetua akamwambia tunapumzika. Hamu haikuwa na haraka. Ilikaa nasi pale ukutani kama mgeni anayesubiri kuletewa kiti.

"Bado?"

"Bado."

Alitoa ndizi, akaanza kuimenya, akaona ni mbichi, akairudisha mfukoni. Lori likapita, kisha jingine, likatuachia vumbi usoni.

"Sasa?"

"Inashuka."

Alingoja kidogo zaidi, kuhakikisha. Kisha akasimama, akajikung'uta kitenge.

"Twende basi. Kuna maharage ya kung'oa."

Tukaenda, kwa miguu.